Kutoka Dodoma hadi Kilwa Kisiwani na watoto: jinsi ya kupanga safari kwa kufuata mwezi na maji

Familia ya Dodoma ikitaka bahari, mawazo huenda kwanza Dar es Salaam au Unguja. Huko kote kuna raha yake, lakini msimu wa likizo kumejaa watu, na mtoto anayeiona bahari kwa mara ya kwanza hapati nafasi ya kuizoea taratibu. Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, kimetulia. Ni kisiwa chenye kijiji cha wavuvi na magofu ya mji uliokuwa tajiri kuliko miji mingi ya pwani hii, na kimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na Songo Mnara, tangu 1981. Kati yake na mji wa Kilwa Masoko kuna mkondo wa bahari wa kama kilomita 2. Familia hulala Masoko, hucheza pwani ya Jimbizi, kisha huvuka kwenda kisiwani asubuhi moja au mbili.

Tenga siku 7: nne za njiani kwenda na kurudi, tatu za kukaa. Ukizibana ziwe tano, watoto watakumbuka basi kuliko bahari.

Kinachoharibu safari hii mara nyingi ni maji kupwa, yaani bahari kurudi nyuma. Watu huchagua tarehe kwa kufuata ruhusa ya kazini, hufika bandarini saa 4 asubuhi wamebeba vyakula na watoto, na kukuta boti imekaa kwenye tope. Wakivuka, hushukia mbali na nchi kavu na kukokota miguu kwenye matope na mawe makali, mtoto mgongoni, begi kichwani. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mwezi.

Kwanza, tafuta siku ya maji mafu

Bahari ya Kilwa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku hukawia kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa mno na kupwa mno, tofauti ya juu na chini ikipita mita 3. Siku hizo hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi, saa ileile ambayo familia nyingi huwa ndiyo kwanza zimemaliza chai. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayajai sana, hayapwi sana, na mkondo hauvuti kwa nguvu.

Hesabu ya haraka ni hii. Hesabu siku tangu mwezi uandame: mwezi mosi ni siku ya kwanza, mwezi 7 ni siku ya saba, siyo Julai. Siku ya mwezi mosi na ya mwezi 15, chukulia maji yanajaa saa 10. Kwa kila siku inayofuata ongeza dakika 50. Mwezi 7 zimepita siku 6, yaani dakika 300, sawa na saa 5. Maji yatajaa karibu saa 3 asubuhi. Mwezi 8 yatajaa saa 4 kasoro dakika 10. Kwa hiyo siku nzuri za kuvuka na watoto ni mwezi 7, 8 na 9, na tena mwezi 21, 22 na 23. Mnaondoka Masoko saa 1 asubuhi maji yakipanda, mnashuka karibu na nchi kavu, mnatembea jua likiwa bado halijachoma, na mnarudi saa 5 maji yakiwa bado mengi.

Huhitaji kuwa pwani ili kuhakiki. Toka nje jioni ukiwa hapohapo Dodoma, Area C au Kikuyu, tazama juu. Ukiona mwezi umekatika nusu kama kipande cha chapati, Kilwa maji ni mafu. Kalenda ya Kiislamu yenye tarehe za mwezi mwandamo itakusaidia kupanga miezi mitatu mbele. Kumbuka tu kwamba mwezi unaweza kuandama siku moja baadaye kuliko ilivyochapwa. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari hutoa jedwali la maji lenye saa na dakika, na hilo ndilo la kufuata mkishakaribia siku ya kuvuka. Nahodha naye ataangalia maji kwa macho. Akisema saa 12 na nusu, fuateni saa 12 na nusu.

Ruhusa ikiangukia bamvua bila namna, geuza ratiba. Vukeni saa 8 mchana maji yakipanda, rudini kabla ya saa 11 na nusu jioni. Mtatembea kwenye joto, lakini hamtakwama. Bamvua ina zawadi yake pia: asubuhi maji yakipwa, miamba ya pwani hubaki wazi na watoto huona kaa, konokono na samaki wadogo kwenye vidimbwi bila kulowa zaidi ya magoti.

Msimu

Epuka Machi hadi Mei. Hiyo ni masika, na barabara ya kusini inajulikana kwa kukatika. Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga na magari yakakwama pande zote mbili.

Likizo ya Juni huangukia kusi, msimu wa upepo wa kusini. Ni miezi mikavu, na usiku huwa wa baridi kidogo kwa mtu wa pwani ingawa mtu wa Dodoma ataona kawaida. Upepo wa kusi huamka kadiri jua linavyopanda. Mkondo uliokuwa shwari saa 1 asubuhi unaweza kuwa na mawimbi ya kurushia maji ndani ya boti saa 6 mchana. Mkienda Juni au Julai, kuvuka mapema ni lazima. Desemba kuna kaskazi, yaani upepo wa kaskazini, joto la unyevu na mvua za hapa na pale. Ukituuliza, kipindi kizuri kuliko vyote ni Septemba na Oktoba, kusi ikiwa imechoka na kaskazi haijaanza. Kama mtoto wenu hajaanza shule, msing'ang'anie likizo. Nendeni wakati huo.

Njia: treni hadi Dar, basi hadi Masoko

Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam Julai 2024, na safari ambayo kwa basi hula siku nzima sasa ni ya kama saa 4. Nauli ilipotangazwa ilikuwa Sh 31,000 kwa mtu mzima daraja la kawaida, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, na aliye chini ya miaka 4 bure. Kwa baba, mama na watoto wawili wa shule ya msingi, hiyo ni Sh 93,000 kwenda. Angalieni nauli ya siku mtakayokata, kisha kateni mapema: wiki ya kufunga shule viti huisha. Majina kwenye tiketi yalingane na vitambulisho, na kwa watoto bebeni nakala za vyeti vya kuzaliwa; vitawafaa tena mbele kuthibitisha umri. Fikeni stesheni mapema kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo, na treni haisubiri mtu aliyekwama kwa bodaboda.

Chukueni treni ya asubuhi au mchana ili mlale Dar upande wa Mbagala. Mabasi ya kusini hupita Mbagala Rangi Tatu na mengi huondoka alfajiri. Ukilala Kimara au Tegeta, siku ya pili itaanza kwa foleni ya kuvuka jiji zima na watoto wenye usingizi. Kateni tiketi ya basi jioni ileile mkifika, na mwambieni mkata tiketi waziwazi: "Kilwa Masoko." Kuna mabasi yaendayo Lindi na Mtwara ambayo hayaingii Masoko, hayo huwashusha njia panda ya Nangurukuru, na hapo mtatafuta gari jingine la kama kilomita 30 hadi mjini. Inawezekana, ila kwa mizigo na mtoto aliyelala ni usumbufu ambao tiketi sahihi ingeuondoa.

Kutoka Dar hadi Masoko ni kama kilomita 300. Chukulieni saa 5 hadi 6. Kaeni upande wa kushoto kwa basi la asubuhi? Hapana, mnaelekea kusini, kwa hiyo jua la asubuhi hupiga kushoto. Ombeni viti vya kulia. Baada ya Ikwiriri mtavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lililofunguliwa 2003. Waamsheni watoto wauone huo mto: maji ya Mto Kizigo, unaotoka upande wa Manyoni, huingia Ruaha Mkuu na mwisho wake hupita chini ya daraja hilo kwenda baharini.

Wenye gari binafsi wasijaribu kufika kwa siku moja. Dodoma hadi Dar ni kama kilomita 450, ongeza 300 za Kilwa. Laleni Morogoro au Dar. Jazeni mafuta Kibiti. Na kwenye vijiji vyote vyenye alama ya 50, nendeni 50 kweli. Tochi za trafiki za kupima mwendo zipo, na watoto wa vijijini huvuka barabara bila kutazama.

Mizigo

Familia za bara hubeba nguo nyingi na kusahau viatu vya majini. Kila mtu awe na yeboyebo au makubazi yenye mkanda wa nyuma. Ndala hazifai: zinanasa kwenye tope, na kwenye mwamba mguu unachomoka. Chini ya maji kuna wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu kama nungunungu, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyayo.

Nunueni ndoo mbili za lita 10 zenye mifuniko inayobana, zile za rangi zilizosafishwa vizuri. Moja iwe ya simu, vitambulisho, fedha na nguo kavu za mtoto mdogo. Ya pili chakula. Botini, begi la kitambaa hunyonya maji yaliyotuama chini, ndoo hainyonyi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa msiihesabu, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Kanga au vitenge viwe vinne angalau. Kanga ni taulo, ni kivuli, ni shuka la mtoto kwenye basi, na ni vazi la heshima kijijini. Ongeza kofia pana kwa kila mtoto, fulana za mikono mirefu za kuogelea nazo (jua la maji huchoma mabega hata ya mtoto mweusi tii), na chandarua kimoja cha akiba. Kwenye kiboksi cha dawa wekeni pakiti 6 za ORS, paracetamol ya maji kwa uzito wa mtoto, kibano, plasta, dawa ya kusafishia kidonda na chupa ndogo ya siki.

Zabibu zikiwa msimu, bebeni kilo mbili. Ni vitafunwa vizuri vya njiani na zawadi inayopokelewa kwa mikono miwili kisiwani.

Mkishafika Masoko

Mji ni mdogo. Bandari, soko na pwani ya Jimbizi viko jirani. Kuna nyumba za wageni za bei ya kawaida mjini na hoteli zilizokaa ufukweni. Kabla ya kulipa, ingieni chumbani mtazame mambo matatu: chandarua kisicho na matundu kinachofika chini ya godoro, feni inayozunguka kweli, na maji bombani. Kibali cha kuingia magofuni hutolewa Masoko, siyo kisiwani. Magofu yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo. Nendeni siku moja kabla, mchana wa kazi, na vitambulisho vya Taifa ili mlipe kiwango cha Mtanzania. Ijumaa msiache hadi saa 6. Watu wanakwenda msikitini. Hapohapo ombeni mwongoza wageni. Bila yeye mtaona kuta, mkiwa naye mtaona nyumba.

Fedha taslimu za noti ndogo zitoeni Masoko. Kisiwani mtu anayeuza madafu hana chenji ya elfu kumi.

Kupatana na nahodha

Nendeni bandarini jioni ya siku ya kabla. Maneno yawe kamili tangu mwanzo, kwa sababu ugomvi wote wa bei hutokana na jambo lililoachwa bila kusemwa. Hivi:

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba. Habari za huko mtokako?"

"Njema. Tuko watu wazima wawili na watoto watatu. Tunataka kuvuka kesho saa 1, utusubiri, uturudishe saa 5. Bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, boti nzima."

Akitaja bei, ulizeni kama mafuta yamo. Kisha: "Jaketi za kuokoa maisha za watoto unazo?"

"Za wakubwa zipo. Za watoto nitaazima."

"Basi tukazione leo, nahodha."

Ombi hilo la mwisho msilionee aibu. Mvalisheni mtoto jaketi, mfunge vifungo vyote, halafu mshike jaketi mabegani na kuliinua juu. Likipanda hadi masikioni huku mwili umebaki chini, majini litamvuka kichwa. La kumfaa ni lile linaloinuka pamoja naye. Kama hakuna la kumtosha, msivuke na mtoto huyo mpaka lipatikane, hata kama mkondo umelala kama mafuta.

Boti ya mashine huchukua kama dakika 10 hadi 15. Mashua ya tanga ni tamu zaidi na watoto wakubwa wataipenda, lakini hutegemea upepo. Inaweza kuwa nusu saa, inaweza kuwa saa nzima. Shauri letu: safari ya kwanza iwe ya mashine, ya tanga ije siku ya pili wakishazoea. Nusu ya fedha lipeni mwanzo, nusu mkirudi salama bandarini. Mtoto anayechafukwa na tumbo aketi katikati ya boti, atazame mbele kwenye nchi kavu, asile kitu kizito asubuhi hiyo. Kipande cha tangawizi kinasaidia.

Asubuhi ya kisiwani

Maji ya kunywa bebeni toka Masoko: lita moja na nusu kwa mtu mzima, lita moja kwa mtoto, na lita mbili za akiba. Familia ya watu watano ni lita 8. Kwa mwendo wa watoto mzunguko wote huchukua saa 3 na zaidi, kwa hiyo chagueni vituo vitatu mvitazame kwa nafasi.

Gereza ndilo la kwanza kuonekana kutoka botini. Wareno walijenga ngome hapo 1505, mwaka walioivamia Kilwa, na jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la Waarabu wa Omani, la miaka ya 1800 hivi. Neno lenyewe gereza linatokana na neno la Kireno la kanisa.

Msikiti Mkuu ndiko kwa kukaa muda mrefu. Sehemu ya kaskazini ni ya zamani zaidi, ilianzishwa karne ya 11. Ile pana ya kusini, yenye nguzo na kuba, iliongezwa karne ya 14 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ikajengwa upya baadaye ilipoanguka. Mtoto wa Dodoma anaweza kuielewa haraka kwa kuanzia na tembe. Tembe la Kigogo lina paa bapa la udongo juu ya boriti. Sehemu ya kale ya msikiti nayo ilikuwa na paa bapa, ila la mawe na chokaa. Ile ya kusini mafundi waliacha kubapaza, wakapindua paa kuwa kuba. Mwambieni asimame katikati ya nguzo ageuke taratibu, ataona kila upande njia ya matao inayokwenda mbali. Kisha mwendeni penye kutawadhia. Pana mawe ya kusugulia miguu, uso wake umelainika. Mtoto akiinama na kulipapasa jiwe hilo kwa kiganja, ataelewa kwamba hapa walipita watu wenye miguu ya vumbi kama yake.

Jengo lote ni bahari iliyogeuzwa ukuta. Matumbawe yalikatwa yakiwa mabichi na laini, yakachongwa, yakaachwa yakauke na kugumu. Mengine yakachomwa kuwa chokaa ya kuunganishia. Tazameni ukuta kwa karibu mtaona vitundu vidogo vya tumbawe kama sega la nyuki.

Husuni Kubwa, ikulu ya sultani huyohuyo, iko mashariki juu ya genge la mwamba. Kwa miguu ya mtoto ni kama nusu saa. Ina vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Wapeni watoto kazi ya kuzihesabu hizo pembe. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331, enzi za sultani huyo, na akausifu mji kwa uzuri wake. Utajiri ulitokana na biashara ya dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, iliyopitia hapa, na masultani walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Mwenye mtoto wa chini ya miaka 5 amwombe nahodha aisogeze boti upande wa Husuni, kama maji yanaruhusu, badala ya kurudi kwa miguu.

Chini mtaona vigae vya vyungu na vya kauri ya Uchina. Tazameni, msiokote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda hata kipande kidogo, na kigae kikishaondolewa mahali pake hakisemi tena kilikuwa chumba gani. Watoto wasipande kuta: chokaa ya juu imelegea, mawe huporomoka.

Kijijini salimieni kila mtu mzima mnayepishana naye. Wanawake wafunge kanga kiunoni na mabegani, wanaume wavae shati, nguo za kuogelea zibaki pwani. Msipige picha za watu bila kuomba. Mkienda Ramadhani, chakula na maji wapeni watoto pembeni.

Songo Mnara ni pazuri mno, lakini ni zaidi ya saa moja kwa boti ya mashine na kushuka kwake kuna matope ya mikoko. Iacheni mpaka mdogo wenu afike miaka 8 hivi. Kilwa Kivinje, mji mkongwe wa mwisho wa njia ya misafara ya Ziwa Nyasa, hufikika kwa gari na inatosha nusu siku. Wakubwa waelezwe habari za Hassan bin Omari Makunganya, aliyepinga utawala wa Wajerumani wakamnyonga huko 1895.

Pwani ya Jimbizi na mtoto wa bara

Mtoto aliyeogelea kwenye bwawa la hoteli hajui bahari. Bwawa halivuti. Siku ya kwanza sheria iwe moja: maji ya magoti, mkono wa mtu mzima ukiwa umbali wa kumshika. Kabla ya kuingia, tupeni kijiti majini mkitazame dakika mbili. Kikienda sambamba na ufuo, mkondo unapita pembeni. Kikielekea nje, siku hiyo chezeni mchangani. Tyubu za tairi ni hatari kuliko zinavyoonekana, kwa sababu upepo wa nchi kavu huzisukuma nje haraka kuliko baba anavyoweza kuogelea.

Fundisheni watoto kuburuta miguu majini badala ya kunyanyua. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani; akiguswa ubavuni hukimbia, akikanyagwa mgongoni huchoma. Aliyechomwa na taa, au na ile miiba myeusi, aloweshwe mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, nusu saa hadi saa moja na nusu. Mtu mzima ayajaribu kwanza kwa mkono wake, kwa sababu mguu wenye maumivu hautambui kuungua. Mwiba unaoonekana uvuteni kwa kibano. Uliozama msichokonoe, pelekeni kituo cha afya. Konyeza, kile kiumbe laini cha bahari kinachowasha, akimgusa mtoto, suuzeni kwa maji ya bahari. Maji yasiyo na chumvi huzidisha mwasho.

Saa 5 hadi saa 9 mchana watoto watoke juani. Ndio muda wa wali wa nazi na samaki, na usingizi. Mtoto aliyechezea maji ya chumvi hasikii kiu mpaka kichwa kimuume, basi apewe maji kila nusu saa hata asipoomba. Akiharisha, pakiti moja ya ORS ichanganywe kwenye lita moja kamili ya maji safi, na mengine yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Malaria, wakati wote na baada ya kurudi

Dodoma ina malaria kidogo, Lindi inayo nyingi zaidi. Mtoto aliyekulia Dodoma hana kinga ya kutosha, na hapa wazazi wengi hujisahau. Kuanzia saa 12 jioni mikono mirefu na suruali, dawa ya kufukuzia mbu kwenye vifundo vya miguu, na chandarua kila usiku, pamoja na usiku wa Dar.

Homa haitokei siku ya kuumwa na mbu. Huchukua siku 7 na kuendelea, mara nyingine wiki kadhaa, maana yake mtakuwa mmesharudi nyumbani na shule zimefunguliwa. Mtoto akipata homa ndani ya miezi miwili baada ya safari, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo apimwe kabla ya kupewa dawa yoyote. Mganga wa Dodoma anaweza kufikiria mafua kwanza. Kwa hiyo kabla hajauliza lolote, mwambieni: "Daktari, mtoto huyu alikuwa Kilwa," na mtaje tarehe.